Hukumu, Haki na Neno: Juu ya Kufundisha Ufafanuzi wa Biblia na Mahubiri

Augustino, Askofu wa Hippo, alipoandika kazi yake juu ya mafundisho ya Kikristo, aliigawa pande mbili. Vitabu vitatu vya kwanza vyahusu namna ya kuipata maana ya Maandiko. Kitabu cha nne, kilichoongezwa miaka thelathini hivi baada ya kuanzwa kwa kazi hiyo, chahusu namna ya kuitoa maana hiyo mbele ya watu. Vyuo vya teolojia vimeurithi mgawanyo huo hata leo: ufafanuzi una mwalimu wake na saa zake, na mahubiri yana mwalimu wake na saa zake. Lakini liko agizo moja la Augustino ambalo halikurithiwa kwa uzito uleule. Yeye, ambaye ujuzi wake wa Kiyunani ulikuwa mdogo, alishauri kwamba msomaji azijue lugha za asili, na pia kwamba azilinganishe tafsiri mbalimbali za lugha yake mwenyewe. Agizo hilo ndilo daraja kati ya pande mbili za kazi yake. Pasipo daraja, mwanafunzi huachwa ng'ambo.

Katika Afrika ya Mashariki upungufu huo waonekana wazi kuliko mahali pengi. Katika vyuo vingi masomo ya juu ya teolojia huendeshwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi hujifunza Kiebrania na Kiyunani kwa vitabu vya Kiingereza, huandika ufafanuzi wake kwa Kiingereza, kisha Jumapili hupanda mimbarani na Biblia ya Kiswahili mkononi. Maneno aliyoyachambua darasani siyo atakayoyasoma mbele ya watu. Na yale atakayoyasoma hakuyachambua. Kwa hiyo hutokea mojawapo ya mambo mawili: ama ufafanuzi wote huachwa mlangoni pa kanisa, ama neno la Kiswahili hubebeshwa maana ambayo mwandishi wa asili hakuikusudia.

Wala haiwezi kusemwa kwamba Kiswahili kimekosa vifaa vya kazi hiyo. Krapf alianza kutafsiri Mwanzo huko Mombasa mwaka 1844. Kazi ya Steere na wenzake wa Unguja ilizaa Biblia nzima mwaka 1891, na Biblia ya Kimvita ikafuata mwaka 1914. Roehl, aliyejitahidi kupunguza maneno ya asili ya Kiarabu, alitoa Biblia yake mwaka 1937. Tafsiri ya Muungano, iliyokusudiwa kuondoa mtengano wa Unguja na Mombasa, ilikamilika mwaka 1952. Na katika miaka ya 1990 ikatoka Biblia nzima ya Habari Njema. Ni lugha chache za Afrika zilizo na mfululizo wa namna hiyo, na kila tafsiri ndani yake ni ufafanuzi uliokwisha fanywa kabla mhubiri hajafungua kinywa.

Mfano mmoja watosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Katika Amosi 5:24 nabii ayataja mambo mawili yanayopaswa kutiririka kama maji. Kwa Kiebrania la kwanza ni mishpat na la pili ni tsedaqah. Tafsiri ya Muungano inaliita la kwanza hukumu na la pili haki. Habari Njema inaliita la kwanza haki na la pili uadilifu. Basi neno haki limehama: katika tafsiri moja limesimama nusu ya pili ya aya, na katika nyingine nusu ya kwanza, likichukua nafasi ya neno jingine kabisa la Kiebrania. Wahubiri wawili wakiihubiri haki kutoka aya hiyo, mmoja kwa Biblia ya zamani na mmoja kwa mpya, watakuwa wamehubiri maneno mawili mbalimbali ya nabii, bila kujua.

Hatari iliyo kubwa zaidi imo katika neno hukumu. Watafsiri hawakukosea kulichagua. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inaonyesha kwamba neno hilo lilichukua maana ya mamlaka na uamuzi wa shauri, na hivyo lilikaribiana vema na mishpat. Lakini katika matumizi ya leo masikio ya wengi husikia adhabu. Aliyehukumiwa ni aliyefungwa au kutozwa faini. Siku ya hukumu ni siku ya kutisha. Mhubiri akiingia na sikio hilo katika aya ya 24, atahubiri kwamba Mungu ataimwaga adhabu kama mafuriko. Tena ataona kwamba aya ya 18 hadi ya 20, zinazoitaja siku ya Bwana kuwa giza, zamuunga mkono. Hata huko Ulaya wamekuwako wafafanuzi walioielewa aya hii kuwa tishio.

Hata hivyo, sura yenyewe yaelekea upande mwingine. Neno lilelile la Kiebrania latumika katika aya ya 7, ambapo watu wanashtakiwa kwa kuligeuza kuwa uchungu, na katika aya ya 15, ambapo wanaagizwa kulisimamisha langoni, yaani mahali pa baraza la mji. Adhabu ya Mungu haiwezi kugeuzwa kuwa uchungu na wanadamu, wala wanadamu hawaagizwi kuisimamisha langoni. Kinachogeuzwa na kusimamishwa ni uamuzi wa haki katika mashauri. Na aya ya 12 yawataja maskini wanaosukumwa kando palepale langoni. Kwa hiyo aya ya 24 yadai kitu kutoka kwa wasikilizaji zaidi ya kuwatisha. Mjane mwenye shauri la shamba, akiwa ameketi katika kanisa, apaswa kusikia kwamba nabii amesimama upande wake. Akihubiriwa tishio la jumla, yeye na aliyemdhulumu hutetemeka pamoja, na wote wawili hurudi nyumbani na shauri halijaguswa.

Jambo la kuangaliwa hapa ni kwamba kosa hilo laweza kusahihishwa hata na mwanafunzi asiyejua Kiebrania, mradi amefundishwa kulifuata neno moja la Kiswahili katika sura nzima na kulinganisha tafsiri mbili. Hilo ni somo la lugha, nalo lingefaa kufundishwa kwa Kiswahili.

Mfano wa pili ni wa sarufi. Katika mwanzo wa Injili ya Yohana, jina neno ni la ngeli ya ji-ma, na kwa kawaida lingetaka upatanisho wa li- na kiashiria hilo. Tafsiri ya Muungano inalipa upatanisho wa viumbe hai: a- katika kitenzi, na huyo kwa kiashiria. Kiyunani hakikuwalazimisha watafsiri. Logos ni jina la jinsi ya kiume kwa sarufi tu, na viwakilishi vyake haviamui kama linalotajwa ni nafsi au ni kitu. William Tyndale, katika Agano lake Jipya la Kiingereza la mwaka 1526, alitumia kiwakilishi cha kitu katika aya ya tatu; tafsiri ya mwaka 1611 ikatumia cha mtu. Watafsiri wa Kiswahili walipaswa kuchagua, nao wakachagua kwa kuiangalia aya ya 14, ambapo Neno lafanyika mwili. Uchaguzi huo una sababu njema. Lakini ni uchaguzi, na mhubiri anayedai kwamba sarufi ya Yohana yenyewe imethibitisha nafsi ya Neno anaufanya uamuzi wa watafsiri kuwa ushahidi wa mwandishi.

James Barr, katika kitabu chake cha mwaka 1961 juu ya semantiki ya lugha ya Biblia, aliwakemea wataalamu waliojenga teolojia juu ya asili za maneno na maumbo ya sarufi. Onyo lake lahusu Kiswahili pia. Si vema kumwondoa mwanafunzi katika mtego wa Kiyunani na kumtia katika mtego wa ngeli.

Yaweza kupingwa kwamba waumini wengi wana tafsiri moja tu, nao huipenda; mhubiri anayeisahihisha kila Jumapili atawafundisha kuishuku. Pingamizi hilo ni la haki. Lakini ulinganishaji ni kazi ya chumba cha kusomea, wala haulazimu kutajwa mimbarani. Aliyekwisha tambua kwamba hukumu ya Amosi ni uamuzi wa baraza hana haja ya kuirekebisha Biblia mbele ya watu. Ataisoma kama ilivyo, kisha ataliweka neno langoni pa mji, na wasikilizaji wataelewa. Hapo ndipo kitabu cha nne cha Augustino kinapokutana na vile vitatu.

Inafaa kukumbukwa kwamba kuhubiri na habari ni maneno ya shina moja la Kiarabu. Mhubiri ni mleta habari, na mleta habari hulaumiwa kwa mambo mawili: kutoielewa aliyopewa, na kutoeleweka na aliowapelekea. Vyuo vimejitahidi sana kulizuia kosa la kwanza kwa lugha za kale, na la pili kwa mazoezi ya ufasaha. Lakini mahali ambapo makosa yote mawili huzaliwa pamoja ni katika ukurasa wa Kiswahili wenyewe, na ukurasa huo bado haujapewa saa yake darasani.