Styblo na Kosa la Kitanda

Rejesta ya wilaya, ripoti ya kila robo mwaka, hesabu ya nani kapona na nani katoroka tiba: hayo Karel Styblo aliyafanya vizuri kuliko yeyote, na hapo sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni uamuzi ulioambatana na tiba ya muda mfupi ya kifua kikuu ilipoingia Tanzania mwaka 1982. Mtafiti huyu kutoka Czechoslovakia, aliyeugua kifua kikuu mwenyewe akiwa mfungwa wa kambi ya Mauthausen, alikuwa mshauri wa Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma tangu ulipoanza mwaka 1977. Kwa kuilinda rifampisini, dawa kuu ya tiba hiyo, isizuke usugu, mgonjwa alitakiwa alazwe miezi miwili ya mwanzo, ameze dawa mbele ya muuguzi, kisha arudi kwao kuendelea na vidonge kwa miezi sita. Kwa mkulima wa Tandahimba, miezi miwili ni salfa isiyopulizwa au korosho zinazoozea chini ya mikorosho. Tena wodini mtu haendi peke yake. Yupo ndugu wa kumpikia na kumfulia, naye shamba lake linalala. Mwenye akili timamu akipewa sharti hilo ataahirisha, atakunywa dawa za miti shamba, na ataendelea kukohoa kati ya watoto wake. Kitanda kilichowekwa ili kulinda dawa kikawa sababu ya kurefusha maambukizi.

Na ushahidi ulikuwapo. Wallace Fox na wenzake walikwisha kuonyesha Madras, India, katika matokeo yaliyochapishwa kuanzia 1959, kwamba waliotibiwa nyumbani walipona karibu sawa na waliolazwa sanatoria, wala ndugu zao hawakuambukizwa zaidi. Sababu inaeleweka: mgonjwa huambukiza zaidi kabla ya kuanza dawa, na akishaanza, hatari hushuka haraka. Ni Fox huyo huyo ambaye majaribio yake na madaktari wa Afrika Mashariki, miaka ya 1970, yaliipa dunia tiba ya muda mfupi. Styblo alichukua dawa za Fox akaiacha hoja yake.

Watetezi wake watasema Madras ni jiji, na dawa za wakati ule hazikuwa na rifampisini, ambayo ikichezewa usugu unazaliwa. Usugu ni hatari ya kweli, lakini kinachouzuia ni usimamizi, na usimamizi si kitanda. Mpango huo huo ulikuja kuwapa wagonjwa wa ukoma rifampisini ya kusimamiwa mara moja kwa mwezi, wakilala kwao. Watasema pia kwamba uponyaji ulifika takriban asilimia 80. Ulifika, kwa nguvu ya dawa na rejesta. Kitanda hakikupimwa peke yake. Kama shida ilikuwa umbali, jibu lilikuwa zahanati na jirani anayeaminika. Hilo Leader Stirling, Waziri wa Afya mpango ulipoanza, alilijua tangu Lulindi, Masasi, alikofika miaka ya 1930 na kujenga hospitali pale pale watu walipoishi. Daktari wa namna ile aliianza hesabu yake kijijini.

Kilichouvunja utaratibu ule kilikuwa UKIMWI. Wagonjwa walipanda kutoka 11,000 na ushee kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi zaidi ya 60,000 miaka ishirini baadaye, na wodi zikafurika. Utafiti wa Temeke, Dar es Salaam, uliochapishwa 2004 ukaonyesha kwamba waliosimamiwa na ndugu au jirani walipona sawa na waliosimamiwa kituoni, na kuanzia 2006 mgonjwa akaruhusiwa kuchagua kutibiwa nyumbani au kituoni. Miaka 24 tangu 1982 ilipita kabla ya jambo la 1959 kukubaliwa.

Ndiyo maana siachi kuzikemea asilimia za uponyaji, zikiwemo zile 85 zilizoabudiwa Geneva, kwenye Shirika la Afya Duniani: huhesabu waliojiandikisha tu. Aliyebaki Mahuta, huko Tandahimba, akikohoa hamo. Saratani ya mapafu leo iko njia hiyo hiyo. Makohozi hayaonyeshi vijidudu, mgonjwa anajaribishiwa dawa za kifua kikuu, jibu la uhakika liko mbali, na mionzi anaifuata Ocean Road, taasisi ya saratani ya Dar es Salaam, mamia ya kilomita kutoka Tandahimba. Atakayekuja na takwimu nzuri za waliofika huko, aulizwe kwanza wangapi walishindwa nauli.