Ubao wa Kunyamaza

Fundi wa udi hutafuta ubao unaosema. Huugonga kwa kifundo cha kidole, huuinamia na kusikiliza unavyoitika, kisha huuchonga hadi unene wake ushuke kwenye milimita mbili hivi, ili nyuzi zikiguswa uso mzima wa chombo utetemeke. Muunda spika hugonga ubao vilevile na kuutegea sikio, lakini yeye anautaka mlio mfupi uliokufa papo hapo. Kazi yake yote, tangu kupima mpaka kupiga rangi, ni kutengeneza sanduku lisilo na neno lake lenyewe, ili neno la mwingine lipite humo bila kuongezwa wala kupunguzwa. Naipenda kazi hii kwa sababu hiyo, na nasema bila kusita kwamba mtu asiyewahi kuishika anaweza kuianza na akaifanya vizuri.

Spika yenyewe ni chombo rahisi kueleweka. Koili ya waya mwembamba imegandishwa nyuma ya koni ya karatasi na kuning'inizwa katika mwanya wa sumaku. Umeme wa muziki ukipita, koili husukumwa mbele na nyuma, koni ikifuata, hewa ikifuata koni. Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric huko Marekani walichapisha maelezo ya spika ya namna hii mwaka 1925, na karibu kila spika tuliyoisikia maishani, ya redio ya shambani, ya daladala, ya ukumbi wa harusi, imetoka katika ukoo huo. Chukua wufa, yaani spika ya sauti nene, isiyo na boksi, gusisha waya zake kwenye betri ya volti 1.5, chanya kwa chanya. Koni itajongea mbele na kukaa hapo hadi uondoe betri. Geuza waya, nayo itarudi nyuma. Mwanafunzi na alifanye jaribio hilo kabla ya jingine lolote. Kwanza linamwonyesha kwa macho sauti inavyozaliwa. Pili, litamsaidia baadaye kuhakikisha kwamba wufa zake mbili zinakwenda pamoja, isije moja ikasukuma hewa wakati mwenzake anaivuta.

Ukiiwasha wufa hiyo ikiwa mkononi, bila boksi, utashangaa: besi haipo. Haikupotea kwa ubovu wa kifaa. Koni inaposukuma hewa mbele, nyuma yake inaivuta, na mawimbi hayo mawili yakikutana hufutana. Wimbi la sauti nyembamba ni fupi, halizunguki kirahisi. Lakini wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita saba, na kuizunguka koni ya inchi sita na nusu si kazi kwake. Boksi limewekwa hapo kutenganisha mbele na nyuma.

Na hapa ndipo hesabu ilipoingia. Mwaka 1954, Edgar Villchur, akishirikiana na Henry Kloss huko Cambridge, Massachusetts, alileta spika ya AR-1, ambayo hewa iliyofungiwa ndani ya boksi dogo ndiyo iliyokuwa springi ya koni. Kabla yake, aliyetaka besi ya kweli nyumbani alilazimika kukubali kabati lenye ukubwa wa jokofu. Kisha mhandisi wa Australia, Neville Thiele, alichapisha mwaka 1961 njia ya kukokotoa mwenendo wa boksi lenye tundu, na Richard Small, pale Chuo Kikuu cha Sydney, akaiendeleza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Matunda ya kazi yao ni zile tarakimu zinazokuja kwenye karatasi ya wufa nzuri: Fs, Qts, Vas. Mtu akiziona mara ya kwanza huogopa. Asiogope. Ya kwanza inasema koni hupenda kutikisika kwenye hezi ngapi, ya pili inasema mtikisiko huo unazuiwa kwa kiasi gani, ya tatu inasema ulaini wa kingo zake ni sawa na ulaini wa lita ngapi za hewa. Ukiziingiza katika programu ya bure ya kompyuta, unaambiwa boksi liwe la lita ngapi. Ujuzi uliokuwa siri ya viwanda sasa anaukuta kijana wa Mbagala, Dar es Salaam, au wa Kawangware, Nairobi, kwenye simu yake, na huo ni ukarimu mkubwa wa wale waliouandika.

Tuseme hesabu imekupa lita 15. Ndani ya boksi kuwe na sentimita 20 kwa 25 kwa 30, basi. Mwanzoni chagua boksi lililofungwa kabisa. Boksi la tundu hushuka chini zaidi kwa nguvu, lakini bomba lake likikosewa urefu, besi huvuma ovyo. Lililofungwa humvumilia anayejifunza, na hata linapofika mwisho wa uwezo wake hushuka taratibu.

Sasa ubao. Watu wengi hukimbilia mninga au mvule, kwa kuwa ndizo mbao za heshima. Kwa meza na mlango sina ubishi. Lakini mbao halisi huvimba na kusinyaa kufuata majira, hupasua maungio, na tena huitika. MDF, ule ubao wa kiwandani, ya milimita 18 ni nzito, haina nyuzi za kuelekea upande mmoja, na huutuliza mtikisiko. Adui yake ni unyevu, na sisi wa Pwani tunaujua: kingo zilizokatwa hunywa maji na kuvimba, hivyo zipakwe gundi iliyozimuliwa, kisha vanishi au rangi, bila kuacha hata upenyo wa ukucha. Plaiwudi nzuri ya tabaka nyingi ni mbadala wa haki.

Peleka vipimo kwa mafundi wenye msumeno wa meza, kama wale wa Keko jijini Dar es Salaam, uwaombe jambo moja: vipande vyote vyenye upana ule ule vikatwe kwa mpangilio mmoja wa msumeno, bila kuusogeza katikati. Milimita moja pungufu haidhuru boksi ikiwa imepungua kwenye vipande vyote. Kinachodhuru ni vipande kutofautiana, kwa sababu pembe hazitakutana na hewa itapenya. Vaa barakoa, vumbi la MDF si la kuchezea mapafu. Paka gundi nyeupe ya mbao kwa ukarimu, kaza klampu, acha usiku kucha. Kabla ya kufunga upande wa mwisho, weka ndani kipande cha mkazo kinachoshika ukuta wa kulia na wa kushoto, maana kuta pana ndizo zinazopenda kuropoka. Jaza nyuzi za polista, zile za kujazia mito, zilegee zisibanwe. Wufa ikishafungwa, isukume kwa vidole taratibu na uishikilie. Hewa ya ndani itakupinga. Upinzani ukifa upesi, kuna mahali panapovuja, na kazi ya siku hiyo ni kupatafuta.

Saa hizo za msasa na gundi zina utamu ambao sioni haja ya kuuficha. Mkono unajifunza kutambua ukingo ulionyooka kabla jicho halijaona.

Krosova, saketi inayogawa sauti kati ya wufa na twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, inahitaji heshima zaidi. Twita ikiletewa besi huungua, kwa hiyo kapasita huwekwa njiani kuzuia sauti nene, nayo koili ya krosova huizuia nyembamba isifike kwenye wufa. Mara nyingi makabidhiano hayo hufanyika karibu na hezi 2,500, na hapo ndipo sikio la binadamu lilipo kali na konsonanti zinapotofautiana. Krosova mbaya haitaharibu ngoma, itaharibu maneno. Ndiyo sababu simshauri anayeanza kununua krosova ya jumla, kwa kuwa haijui wufa wala twita zake. Atafute mchoro uliokamilika wa mtu aliyepima, anunue vifaa vile vile, alehemu kama ulivyo, asibadilishe hata resista moja. Kufuata mchoro wa mwingine kwa uaminifu ni shule nzuri kuliko kubuni gizani.

Kwa sinema ya nyumbani, uwazi huu wa maneno ndio kila kitu. Sisi tumezitazama filamu katika mabanda ya video, na wasimuliaji kama Lufufu walitufundisha kwamba filamu ni kisa kinachopaswa kusikika. Katika mfumo wa spika tano na sabufa, ile ya besi peke yake, mazungumzo mengi hutoka kwenye spika moja, ile ya kati, chini ya runinga. Wauzaji wengi huifanya ndogo kuliko zote huku fedha ikimalizikia kwenye sabufa yenye taa. Mimi ningegeuza: spika tatu za mbele ziwe ndugu kamili, wufa ile ile, twita ile ile, boksi lile lile, ili mtu akitembea kutoka upande mmoja wa picha hadi mwingine asibadilike sauti njiani. Za pembeni zikae kila moja nyuzi 30 kutoka mstari wa katikati, ukipima kutoka kwenye kochi.

Chumba nacho kina la kusema. Sakafu ya vigae, kuta za saruji na madirisha ya vioo hurudisha kila kitu, na zulia nene na pazia zito huleta nafuu kuliko amplifaya mpya. Chumba chenye urefu wa mita nne kitavuma chenyewe karibu na hezi 43, hivyo sabufa isukumwe huku na huko hadi mvumo huo upungue. Kazi yake ianzie hezi 80 kwenda chini, iache zilizobaki kwa wenzake. Kipimo changu ni sauti ya Bi Kidude, mwimbaji wa taarab, ile yenye mikwaruzo. Spika ikiilainisha, inadanganya. Ikiifanya ikwaruze zaidi, twita imezidi, na mchoro wako ukiruhusu, resista moja ya omu chache mbele yake itaishusha.

Anza na spika mbili. Zikae sebuleni miezi kadhaa, zisikilizwe habari, mpira, Kurani au kwaya, na maneno ya watoto kwenye katuni. Fedha ikipatikana, ya kati ifuate kwa vipimo vile vile, kisha mbili za nyuma. Kufikia hapo fundi wa msumeno atakuwa amekwisha kukuzoea, na kabla hujafungua karatasi yako atakuuliza safari hii ni lita ngapi.