Kamusi Tatu kwa Santuri Moja



Katika toleo lililopita tuliahidi kuwaletea tahakiki ya Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, ambayo sisi wawili tulitumwa na Idara kununua nakala tano tukiwa safarini Unguja. Hatuna budi kuanza kwa kuungama. Nakala zilizofika Kampala ni mbili. Fedha za zile tatu zilinunua santuri.

Ilikuwa hivi. Tulikuwa tukitafuta duka la vitabu katika vichochoro vya Mji Mkongwe mvua ilipotukuta, tukajibanza kwenye baraza ya duka la kanga na vinyago. Ndani palikuwa na mwanamke anaimba, taratibu, kana kwamba hana haraka na mtu. Dada mwenye duka akatuita: "Karibuni ndani wageni, msilowe." Tulipouliza anayeimba ni nani alijibu, "Huyo Siti Muharam. Kitukuu cha Siti." Hakusema Siti gani, na katika mji ule hakuna haja ya kusema.

Sauti yenyewe hatukuwa wageni nayo. Nyimbo zake mbili tatu tunazo kwenye simu kwa miaka kadhaa, zimepita mkono kwa mkono baina ya walimu na wanafunzi hadi hakuna ajuaye nani alizileta kwanza, na ni mwimbaji tunayempenda kuliko wengi. Lakini albamu nzima, Siti of Unguja, iliyotolewa mwaka 2020 na kampuni ya On the Corner ya London, hatukuwahi kuishika mikononi. Dada akatoa nakala moja, santuri kubwa ya mtindo wa zamani. Tukatazamana. Mmoja wetu (hatutasema yupi) akauliza bei. Ikawa karibu sawa na kamusi tatu. Tuliomba apunguze, akapunguza kidogo, akaifunga kwa magazeti isilowe. Tulipokuwa kwenye boti ya kurudi Dar es Salaam ndipo tulipokumbuka kwamba Idara haina mashine ya kupigia santuri.

Yamesemwa mengi juu yetu katika kikao cha Idara na mengine ni ya haki. Mashine hatimaye tuliazimwa na mzee mmoja jirani yetu, kwa sharti kwamba tusiiguse sindano. Kwa hiyo tuliisikiliza santuri hii sebuleni kwake, mara nyingi, naye akiigeuza upande hadi upande. Sasa tuwaeleze tulichokisikia.

Albamu hii ina mizizi kwa Siti binti Saad, yule mzaliwa wa Fumba ambaye wanafunzi wetu humsoma katika Wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert. Siti aliimba kwa Kiswahili wakati taarabu ya jumba la Sultani ikiimbwa kwa Kiarabu, na mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi. Alifariki mwaka 1950. Sahani za wakati wake zilibeba kama dakika tatu tu kila upande, kwa hiyo wimbo ulibanwa ukakae. Tulizobahatika kuzisikia zina mkwaruzo mwingi, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hapati neno hata moja kati ya matatu.

Hapa ndipo kitukuu anapotufaa. Muziki umesimamiwa na Mohamed Issa Matona, fundi wa fidla na udi, pamoja na mtayarishaji Sam Jones kutoka Uingereza. Wamemwachia mwimbaji nafasi ya kuvuta pumzi. Irabu zake zinasikika hadi mwisho. Kwa mwalimu wa matamshi hii ni hazina, na tunakiri kwamba tuliisikiliza kwanza kama walimu: katika "Machozi ya Huba" tuliwaza namna ya kumweleza mwanafunzi, ambaye tumemfundisha neno "mapenzi" tu, kwamba huba lina uzito wake mwenyewe. "Nyuki" ni tamu na hatuna la kuongeza. "Ashikibaya", lililochapwa kama neno moja, lingepata duara la kalamu nyekundu katika daftari la mwanafunzi yeyote wa Idara hii.

Lakini wimbo uliotuweka sebuleni kwa yule mzee hadi usiku ni "Kijiti".

Kisa chake kinajulikana Zanzibar nzima, ila huku kwetu inabidi kukisimulia. Mwanamke mjamzito alitoka Dar es Salaam kutembea Unguja. Akaalikwa ngomani, akatoka na wenzake, na mtu aliyeitwa Kijiti akambaka na kumuua. Kijiti akakimbilia bara. Kesi ilipofika mahakamani, walioadhibiwa ni wanawake waliokuwa wamefuatana na marehemu, kwa kuwa wao ndio waliomtoa nje. Siti akautunga uonevu huo wimbo, ukaimbwa na watu wa Ng'ambo ambao hawakuwa na mahali pengine pa kukata rufaa.

Wengi wetu tuliujua wimbo huu kwa Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013. Kwa Bi Kidude "Kijiti" ni habari iliyotoka mtaani sasa hivi: sauti imekauka, maneno yanatupwa usoni, na msikilizaji anataka kuuliza ilikuwaje tena. Siti Muharam ameugeuza kuwa maombolezo. Anaimba kama mtu aliyekwisha kuzika. Tuliguswa, na bado tuna ugomvi naye, au pengine na waliomzunguka studioni. Maombolezo humlilia aliyekufa. Wimbo wa Siti ulimshitaki pia hakimu. Uzuri wa muziki huu, na ni mzuri kweli, unaweza kumbeba msikilizaji wa London asiyejua Kiswahili toka mwanzo hadi mwisho asijue kwamba ameketi mahakamani. Huyo hatumlaumu. Tunauliza tu kama santuri iliyoandikwa jina nusu Kiingereza ilimkumbuka zaidi yeye kuliko msikilizaji ambaye Siti alimtungia.

Jibu hatukulipata sebuleni. Tulilipata darasani, nalo halikuwa tulilotarajia. Tuliunakili wimbo kwa simu, tukawapigia wanafunzi wa mwaka wa pili bila maelezo yoyote, tukawapa kazi ya kuandika maneno wanayoyasikia. Walichukua saa mbili. Waligombana juu ya silabi, wakaomba urudiwe, wakaomba tena. Walipokwisha kuyaandika, binti mmoja aliyekaa nyuma akauliza, "Mwalimu, kumbe aliyefungwa si Kijiti?" Darasa likanyamaza, kisha likalipuka. Kipindi kiliisha, na walioingia baada yetu wakakuta mabishano juu ya nani hulaumiwa mwanamke akidhurika usiku. Kile tulichodhani kimezama ndani ya uzuri kilikuwa kinawasubiri watu wenye kuyajua maneno.

Binti yuleyule alibaki kutusaidia kukunja nyaya. Alituambia kwamba mama yake hakupenda asomee Kiswahili. Wasomaji wetu wa rika letu wataelewa bila kufafanuliwa. Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa raia wengi wa nchi hii kilibaki sauti ya askari kwenye kizuizi cha barabara, lugha ya kuamrishwa. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini amri ya serikali haiingii sebuleni kwa mama huyo. Binti akauliza kama anaweza kuuchukua wimbo ule nyumbani, pamoja na karatasi ya maneno, amtafsirie mama yake kwa Luganda.

Wiki ya pili alirudi. Mama alisikiliza akiwa anamenya matoke. Hakusema kitu juu ya lugha. Aliuliza tu kama wale wanawake walitoka jela.

Tuna makosa mengine ya kuitajia albamu hii. Besi mahali pengine ni nzito kuliko udi unavyoweza kustahimili. Aidha, tungependa kusikia kicheko zaidi: Siti na wenzake walikuwa watu wa kejeli pia, na msikilizaji wa santuri hii peke yake angedhani walishinda wakihuzunika. Hata hivyo, kama tungerudishwa kwenye baraza ile, mvua ikinyesha na fedha za Idara mfukoni, tunaogopa tungefanya vilevile.

Santuri imewekwa katika kabati la ofisi, rafu ya juu. Nakala ya sauti inapatikana kwa katibu, na atakayeazima karatasi ya maneno ya "Kijiti" aandike jina lake daftarini, maana nakala mbili zimekwisha kupotea. Kamusi mbili zilizofika zipo mezani kwa matumizi ya humo ndani tu. Zile tatu tutazilipa kwa posho yetu ya muhula ujao, na tahakiki tuliyoiahidi itatoka hapo zitakapofika.