Mafundi wa Songo Mnara

Fundi wa Mkotokuyana, Nachingwea, akitaka kusimamisha nyumba ya udongo huanzia porini: nguzo za kuchimbia, fito, kamba, kisha udongo wa kukandika. Nyumba hiyo haina aibu yoyote. Hata ile alimozaliwa Shakespeare kule Stratford, Uingereza, ni kiunzi cha mbao kilichojazwa fito na udongo, na watu hulipa kiingilio kwenda kuitazama.

Lakini humuhumu mkoani Lindi, kisiwani kusini mwa Kilwa Masoko, walikuwako wajenzi walioshika njia nyingine. Songo Mnara ni mji wa mawe uliojengwa kuanzia mwishoni mwa karne ya 14 na kuhamwa mapema katika karne ya 16. Wageni wengi huishia Kilwa Kisiwani kwenye jumba la Husuni Kubwa. Nawaelewa, ila mimi naona ufundi hupimwa vizuri zaidi kwenye nyumba za kukaa watu, na Songo Mnara zimejaa.

Anza na mlango. Ukuta wenyewe ni wa mawe magumu ya matumbawe ya nchi kavu, hayalingani, yameshikwa kwa chokaa na kupigwa lipu. Miimo na matao ni kitu kingine kabisa. Hayo ni tumbawe laini lililokatwa baharini, ambalo likiwa bado bichi huchongeka kwa chombo cha mkono, na likishakauka huwa gumu. Kwa hiyo fundi alikuwa anakimbizana na jua. Pitisha macho kwenye ukingo wa tao: mstari mwembamba uliochongwa unapanda mwimo, unapinda, unakutana na mwenzake kwenye ncha ya juu. Mkono ukiteleza hapo, jiwe zima la kutupa. Zidaka za ukutani nazo zimechongwa kwa subira hiyohiyo.

Chokaa nayo haikutaka haraka. Matumbawe yalirundikwa juu ya magogo yakachomwa hadi yakawa chokaa, kisha ikamwagiwa maji na kuachwa ipoe. Ukiitumia kabla haijaiva, lipu hupasuka.

Upana wa chumba haukuamuliwa na tajiri mwenye nyumba. Uliamuliwa na mkoko. Dari ya mawe na chokaa ni nzito, na boriti ya mkoko haiwezi kuibeba ukiivusha mbali, ndiyo maana vyumba ni vyembamba, kama mita 3 au pungufu, halafu virefu. Wenzetu wakaugeuza upungufu huo kuwa mpango: unashuka ngazi kuingia uani, ngazi zenyewe ni mahali pa wageni kukaa, mbele kuna ukumbi, na nyuma yake vyumba vya ndani vyenye giza na ubaridi. Mgeni alijua aishie wapi bila kuambiwa.

Songo Mnara na Kilwa Kisiwani ziliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 zikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, zikatolewa 2014 baada ya kazi kubwa ya kuzikarabati. Walimu wa Nachingwea na Ruangwa, msiwapeleke watoto Dar es Salaam tu. Chukueni kibali Kilwa Masoko, pandeni mashua, wakaione miimo ile. Ila wasipande juu ya kuta.