Mgeni Asiyepewa Jembe

Kuna gemu mbili ambazo kijana wa Ukunda anafaa kuziweka meza moja. Ya kwanza ni EA Sports FC, ile ambayo sisi bado tunaiita FIFA, mfalme wa vibanda vya PlayStation kutoka Ukunda hadi Msambweni. Ya pili ni Tales of Kenzera: Zau, iliyotoka Aprili 2024, ambayo unaweza kuicheza ukiwasikia wahusika wakiongea Kiswahili. Zote mbili zimechapishwa na EA. Sasa weka Linux kwenye kompyuta yako, halafu jaribu kuzifungua. Ya Kiswahili inafunguka. FIFA inakuzuia mlangoni.

Watu wanahamia Linux kwa sababu za mfuko. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama na prosesa za juzijuzi, na laptopu nyingi za ex-UK hazifiki hapo. Linux ni bure na haibagui umri. Lakini tusidanganyane: haiongezi misuli. Kama kadi yako ya michoro ni dhaifu, itabaki dhaifu, na Zau ataruka kama mtu aliyebeba gunia la nazi.

Kinachofanya gemu ya Windows icheze huko ni ukalimani. Programu ya Wine, iliyoanza 1993, haijifanyi Windows. Inakaa katikati: gemu ikiomba kitu kwa lugha ya Windows, Wine inakigeuza kiwe ombi ambalo Linux inalielewa. Agosti 2018 Valve, wenye duka la Steam, wakatoa Proton, ambayo ni Wine iliyoongezewa mkalimani wa michoro na vikorokoro vingine. Mwaka 2022 wakauza Steam Deck, mashine ya mkononi inayotumia Linux, na ghafla watengenezaji wa gemu wakawa na sababu ya kujali. Wewe unabonyeza tu kitufe cha kucheza. Ukalimani unafanyika kimyakimya.

Kwa hiyo ukicheza Kenzera kwenye Linux kwa sauti za Kiswahili, unakaa juu ya tafsiri mbili: moja ya mashine, moja ya ulimi. Hii ya pili ndiyo iliyonishika. Muumbaji wake, Abubakar Salim, ni mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Wengi tulimsikia kama Bayek katika Assassin's Creed Origins. Aliitengeneza gemu hii kutokana na msiba wa babake. Ndani yake, Zuberi amefiwa na baba aliyemwachia kitabu, na kitabu hicho kinamhusu Zau, mganga kijana anayemwendea Kalunga, mungu wa kifo, kufanya naye biashara: nikuletee roho tatu kubwa, unirudishie Baba.

Katika toleo la Kiingereza pia Zau anasema "Baba". Lakini pale neno limevaa kanzu ya sikukuu. Limewekwa ulione na ujue uko Afrika. Ukibadilisha sauti ziwe za Kiswahili, kanzu inavuliwa. Baba anakuwa baba tu, yule unayemwita kutoka uani. Na kwa sababu neno halijipambi tena, uchungu unabaki peke yake. Kwa mtu aliyewahi kukaa matangani, hilo si jambo dogo.

Lakini Kiswahili hicho kinabeba mizigo ya watu wengine. Roho anazozifuata Zau ni Impundulu, ndege wa radi wa kusini mwa Afrika. GaGorib, wa masimulizi ya Wakhoi. Na Kikiyaon, anayetokea magharibi mwa bara. Hapa Diani tuna Kaya Kinondo, msitu ambao ni miongoni mwa kaya za Wamijikenda zilizotiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Koma wa kaya hawamo. Sisemi hilo ni kosa; gemu haikuahidi kuwa ya Kwale. Nasema tu kwamba kusikia lugha yako si sawa na kusikia habari zako.

Turudi kwa FIFA. Si kwamba mkalimani hajui lugha yake. Gemu inaweka askari wa kuzuia udanganyifu, anayetaka kukaa ndani kabisa ya Windows, karibu na kiini chake. Kwenye Linux hapati kiti hicho, basi anafunga mlango. Fortnite ni vivyo hivyo. GTA Online ilikuwa ikicheza vizuri kwenye Linux hadi Septemba 2024, ilipoongezewa askari wake, na wachezaji wakajikuta nje. Hawakuwa wamedanganya mtu. Mwenye nyumba aliamua tu.

Hapo ndipo Kenzera nayo inapoingia wasiwasi. Kiswahili chake ni zawadi, na ni zawadi nzuri. Lakini ukikutana na sentensi inayokwaruza sikio, huna pa kuinyoosha. Studio ya Surgent ilipunguza wafanyakazi mwaka uleule gemu ilipotoka. Wenye ufunguo wakichoka, lugha yetu inabaki ndani jinsi ilivyo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Gemu hizi zinatupokea vizuri siku mbili, ila jembe hazitoi. Gemu huria zinatoa. 0 A.D., ya vita vya kale, ambayo kati ya mataifa yake wamo Wakushi wa bonde la Nile. SuperTuxKart, ya mbio za magari. The Battle for Wesnoth, ya mikakati na hadithi ndefu: maneno yao yako wazi kwa yeyote anayetaka kuyatafsiri. Hakuna anayeuliza cheti, na mimi niliyeacha chuo kabla ya kuhitimu nalipenda sana hilo. Wala si ndoto mpya. Mwaka 2004 mradi uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, kwa sababu tu milango ilikuwa wazi.

Kama gemu, Zau anazishinda zote tatu kwa uzuri na kwa kilio. Mcheze, usimkose. Lakini kijana wa Msambweni akitaka Wesnoth iongee Kidigo, wa kumzuia hayupo. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa chini na kuandika mstari wa kwanza.