Amebakia au Amepakia? Mwongozo wa TEI na Barua za Wazee Wetu

Barua yenyewe ni ya kurasa mbili, imeandikwa Unguja kabla ya Vita Vikuu vya Pili, na bibi mmoja akimwandikia kaka yake Maskati. Ni Kiswahili kitupu kwa herufi za Kiarabu, salamu ndefu kama ilivyokuwa desturi, kisha habari. Wajukuu walituletea picha yake pamoja na nakala ya herufi za Kirumi waliyopewa na maktaba moja ya Ulaya. Katika nakala hiyo bibi anasema juu ya mumewe: amebakia Pemba. Kwa neno hilo moja ukoo mzima umejengewa hadithi ya babu aliyekataa kuhama.

Tulipoitazama picha tuliona ba, kafu, ya na alifu. Hivyo ndivyo mwandishi wa zama zile angeandika "amebakia", na hivyo hivyo ndivyo angeandika "amepakia", kwani wengi hawakuwa na pa, wakitumia ba kwa sauti zote mbili na kwa mb pia. Na sentensi inayofuata inataja karafuu. Je, babu alibaki, au alipakia mzigo Pemba akenda zake? Nakala ya Kirumi haina shaka hata kidogo, na hapo ndipo kosa lake lilipo.

Tumeanza na barua hii kwa sababu tumeombwa kutoa rai juu ya mwongozo wa TEI, yaani Text Encoding Initiative, ambao wakfu na maktaba nyingi sasa zinautumia kuhifadhi maandishi ya kale kwa kompyuta. Kazi hiyo ilianzia kwenye mkutano wa Novemba 1987 katika chuo cha Vassar, jimbo la New York. Toleo kubwa linalotumika leo, liitwalo P5, lilitoka mwaka 2007, na tangu hapo limekuwa likirekebishwa na kutangazwa upya, kwa kawaida mara mbili kwa mwaka. Lina alama zaidi ya 500. Anayenakili hati huzitia alama hizo ndani ya maandishi: hapa pana jina la mtu, hapa pana tarehe, hapa karatasi imeliwa na mchwa, hapa mwandishi amefuta neno akaandika jingine juu yake.

Tukiri kwanza kwamba tulikwenda tukiwa na dhana mbaya, tukarudi nayo nusu. Mwongozo huu una adabu ya kielimu ambayo sisi wanahistoria tulifundishwa kisha tukaisahau. Unaruhusu neno moja lisomwe kwa njia mbili au tatu mahali pamoja, kila usomaji na kiwango chake cha yakini, na jina la aliyesoma likaandikwa. Amebakia na amepakia zingekaa bega kwa bega, na wajukuu wangejua kwamba shaka ni ya karatasi, si ya bibi yao. Maktaba ile ilikuwa na nafasi ya kufanya hivyo. Haikufanya, maana mwongozo unaruhusu lakini haulazimishi, na kazi ya haraka siku zote huchagua usomaji mmoja.

Lawama yetu ya kwanza iko hapa. Njia inayotumiwa sana ni kuweka jozi: umbo la asili upande mmoja, na umbo lililosawazishwa upande wa pili. Jozi hiyo inafaa kwa Kiingereza cha karne ya kumi na sita, ambacho tahajia yake ilikuwa ya kila mtu na lake. Lakini tukiweka herufi za Kiarabu upande wa "asili" na Kirumi upande wa "usawa", tumekwisha hukumu kwamba mwandiko wa wazee ulikuwa na kasoro na sasa umerekebishwa. Sivyo. Ba, ta kwa fat-ha inaweza kuwa pata, bata au mbata, na msomaji wa Lamu au Mombasa alijua ipi kwa mazingira, kama Mwarabu anavyosoma gazeti lisilo na irabu. Kirumi ni tafsiri ya sauti, na kila tafsiri ina mwenye nayo. Tena kuna waandishi waliojitahidi kuzitenganisha sauti hizo kwa nukta na alama za ziada: Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefanya kazi na mmishenari William Taylor, ni mmoja wao, na Sheikh Yahya Ali Omar pamoja na P. J. L. Frankl waliandika juu ya historia ya juhudi hizo mwaka 1997. Ukinakili kwa Kirumi peke yake, huwezi tena kujua nani alitia nukta tatu na nani alitia moja. Ushahidi wote huo umepotea, na aliyeupoteza anadhani ameuhifadhi.

Katika tenzi mambo ni mepesi zaidi. Hati nyingi huandika ubeti mzima katika mstari mmoja wa karatasi, vipande vinne vikitengwa kwa alama ndogo, ilhali vitabu vya chapa huvipanga vipande vinne kimoja chini ya kingine. TEI hutenganisha mstari wa shairi na mstari wa karatasi, kwa hiyo yote mawili yanahifadhika. Hapo hatuna neno.

Tarehe ndizo zilizotuchosha. Mwongozo una mahali pa kalenda nyingine, lakini sehemu ya kawaida, ambayo mashine huitumia kupanga hati, inataka tarehe ya Miladi. Basi mnakili hugeuza. Barua imeandikwa "usiku wa Ijumaa, Mfunguo Sita". Usiku huo kwetu umeanza magharibi ya Alhamisi, na mwezi unategemea ulionekana wapi. Kijana mbele ya kompyuta huandika siku moja kamili kana kwamba alikuwapo. Majina nayo ni vivyo hivyo: zipo alama za jina la mtu na jina la ukoo, lakini fulani bin fulani bin fulani, ambaye Unguja hakuna aliyemwita kwa nisba yake na Maskati haitwi bila hiyo, ana jina la ukoo lipi? Tumeona ndugu wawili wa tumbo moja wakiorodheshwa kama koo mbili.

Hata hivyo hatuwezi kuwalaumu wenye mwongozo kwa yote. Mwaka 2021 toleo la 4.2.0 liliongeza alama za maandishi madogo ambayo Wajapani huyaweka kando ya herufi zao kuonyesha matamshi. Hayakuingia kwa bahati. Wataalamu wa Japani na Asia ya Mashariki walipeleka mifano, wakajadiliana, wakasikilizwa. Wenzao walikuwa na tatizo linalofanana sana na letu, herufi moja na sauti nyingi, wakalibeba wenyewe hadi mlangoni. Sisi wenye masanduku chini ya vitanda Maskati, Dubai na London tunalalamika barazani, na picha tunawapa wageni wanakili watakavyo.

Mwongozo umeandikwa kwa Kiingereza, ni kweli, na ni mrefu kupita kiasi. Lakini kizazi kilichosoma Kiingereza Unguja tungali hai baadhi yetu, na wajukuu wetu wanazijua mashine. Tunachokikosa ni mtu wa kukaa baina ya wawili hao kabla msomaji wa mwisho wa herufi hizi hajaondoka. Tunapendekeza jarida hili lianze na hati chache tu, zinakiliwe kwa herufi zake za asili kwanza, Kirumi kifuate kikiwa na jina la aliyesoma.

Ile barua ya Pemba tumeinakili hivyo. Wajukuu walikasirika kidogo kunyang'anywa babu yao shujaa, kisha binti mkubwa akaomba jambo moja: "amebakia" itangulie, kwa sababu ndivyo mama yake alivyokuwa akiisoma kwa sauti. Tumeiweka mbele, na jina la mama yake tumeliandika kuwa ndiye msomaji.