Swali la Kwanza ni "Lini?"

Ukitaka kumtambua afisa wa kliniki aliyeiva, mtazame anapokagua mdomo wa mgonjwa. Kakamega, kama kwingineko Kenya, foleni ya wagonjwa wa nje huwa ndefu, na ni rahisi kumulika tochi, kuchungulia koo na kuandika dawa. Mwenye ustadi huanza na swali: "Kidonda kilianza lini, mama?" Jibu ndilo humwonyesha kama ana wiki, siku au dakika za kufanya kazi.

Kisha macho huchukua zamu. Kukhu, yaani bibi mzee, mwenye meno ya bandia huombwa ayatoe, maana fangasi hupenda kujificha chini yake. Midomo hugeuzwa ikatazamwa kwa ndani, halafu mashavu, ufizi na kaakaa. Ncha ya ulimi hushikwa kwa kipande cha shashi na kuvutwa kulia, kisha kushoto, hadi kingo zionekane mpaka nyuma. Mwisho ulimi huinuliwa ili sakafu ya mdomo ionekane. Kwenye kingo na sakafu hiyo ndiko saratani ya mdomo hupenda kuanzia, na ndiko mwenye haraka hafiki. Baada ya macho, kidole chenye glavu hupapasa kikitafuta ugumu.

Akikuta utando mweupe, huufuta kwa shashi. Ukibanduka na kuacha wekundu, aghalabu ni fangasi, na hapo huuliza kilichoileta: antibiotiki, kisukari, dawa ya kuvuta ya pumu, au Virusi vya Ukimwi. Ukigoma kubanduka, ni habari nyingine. Kidonda cha kawaida cha mdomo hupona kwa wiki moja au mbili. Kilichopita hapo, hasa kisichouma na chenye kingo ngumu, hakipakwi dawa ya kutuliza mgonjwa akaambiwa arudi mwezi ujao. Hukatwa kipande kikapimwe maabara.

Kwa mtoto, wiki mbili ni nyingi mno. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto wa kiume aliyevimba taya pande zote nne, juu na chini. Aliendelea kuuliza na kutazama, akachapisha maelezo ya ugonjwa huo, aina ya saratani, mwaka 1958, na mwaka 1961 akasafiri na wenzake wawili kwa gari, takriban maili 10,000, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama umeonekana. Ramani yao ilifuata maeneo ya joto na mvua, yale yale yenye malaria kali, na magharibi mwa Kenya ni sehemu ya ukanda huo. Saratani hii hukua haraka kupita karibu nyingine zote. Kwa hiyo mtoto wa miaka mitano mwenye magego yanayolegea na shavu linalojaa hapelekwi kung'olewa jino tu. Hupewa rufaa siku hiyo hiyo, kwa kuwa dawa za saratani huweza kuuyeyusha uvimbe huo ukiwahiwa.

Mara nyingine jibu la "lini" huelekeza kwenye dawa. Mgonjwa aliyeanza Septrini wiki mbili zilizopita, sasa midomo imechubuka ina magamba ya damu, macho ni mekundu na ngozi inauma, hana malengelenge ya kawaida. Huo ni mzio mkali unaoweza kuambua ngozi ya mwili mzima, na dawa ile husimamishwa papo hapo.

Kisha huja yule ambaye jibu lake ni "sasa hivi". Ameumwa na nyuki shambani, au amedungwa penisilini: midomo imevimba, sauti imekwaruza, anatapika, kifua kinapiga filimbi. Hapa subira yote ya asubuhi hujikunja ikawa dakika moja. Adrenalini, nusu miligramu kwa mtu mzima, hudungwa kwenye msuli wa paja upande wa nje, na hurudiwa baada ya dakika tano asipopata nafuu. Mgonjwa hulazwa, hasimamishwi, ila anayehema kwa shida huachwa akae. Piritoni husubiri, maana hupunguza muwasho lakini haifungui koo. Aliyeiva hangoji upele, kwa sababu anajua mzio unaweza kuua kabla ngozi haijaonyesha chochote.

Hata hapo swali lina kazi. Mzee aliyevimba mdomo bila muwasho wala upele huulizwa dawa zake za presha. Enalaprili huweza kuleta uvimbe huo hata baada ya miaka ya kuitumia salama, na adrenalini huwa haiufai sana. Lakini palipo na shaka, hudungwa kwanza, maswali yakafuata.

Hatari ikipita, mgonjwa huwekwa chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, kwani mzio huweza kurudi. Kabla hajaruhusiwa, afisa huandika jina la dawa iliyomdhuru na tarehe kwenye jalada la daftari lake la kliniki, kwa herufi kubwa, kisha humtaka alitamke jina hilo mwenyewe. Daftari hupotea. Atakayemtibu mwaka ujao, huenda usiku na katika mji mwingine, atahitaji kulisikia kabla ya kuvuta sindano.